Kuchemsha, filta ya kaboni au RO: ipi inafaa maji ya nyumbani kwako Dar?

Ukiingia duka la Kariakoo kuuliza filta ya maji, muuzaji atakuuliza una bajeti ya shilingi ngapi. Hatakuuliza maji ya kwako yanatoka wapi. Hapo ndipo pesa za watu wengi zinapopotea. Filta inayomtosha mtu wa Kimara mwenye maji ya Ruvu inaweza isimsaidie lolote mtu wa Mbagala anayechota kisima cha jirani, na mashine ghali ya RO, ile inayosukuma maji kwenye utando unaozuia chumvi, anayoihitaji yule wa Mbagala ni mzigo wa bure kwa yule wa Kimara.

Ulinganisho huu unahusu kemikali zaidi ya vijidudu. Habari za vijidudu tunazijua: kila mvua zikinyesha na kipindupindu kikitajwa, tunakumbushwa kuchemsha maji, na ushauri huo ni sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba wengi tumekua tukiamini kuwa maji yaliyochemka yako salama kwa kila namna. Moto unaua kilicho hai. Chumvi, naitreti, metali ya risasi na floraidi havina uhai wa kuuawa. Maji yakipungua kwa mvuke, vyenyewe vinabaki sufuriani na vinakolea zaidi.

Kwanza, maji yako ni yapi?

Maji mengi ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, yanatoka Mto Ruvu kupitia mitambo miwili: Ruvu Juu pale Mlandizi, wenye uwezo wa lita milioni 196 kwa siku, na Ruvu Chini upande wa Bagamoyo, wenye uwezo wa lita milioni 270. Mtambo wa Mtoni, unaotumia Mto Kizinga, ni mdogo na wa zamani. Upande wa Kigamboni kuna visima vya Kimbiji vyenye kina cha mamia ya mita. Maji ya mto hutiwa dawa ya kugandisha tope, huchujwa, kisha huwekwa klorini kabla ya kusukumwa mjini. Wengi tunayaita maji baridi kwa kuwa hayana chumvi ya kusumbua. Siku nyingine yana harufu ya dawa, na wakati wa masika, au bomba likipasuka likatengenezwa, huja na rangi ya udongo. Kemikali za kuangalia hapa ni klorini yenyewe, vitu vinavyozaliwa klorini inapokutana na mabaki ya majani na udongo wa mtoni (trihalomethani), na metali zinazotoka kwenye mabomba na koki za nyumba yako.

Maji ya visima vya mitaani ni jambo jingine. Dar imekaa juu ya mchanga wa pwani. Visima vikivutwa kupita kiasi, maji ya bahari husogea chini kwa chini kujaza nafasi, na ndiyo maana kisima kilichochimbwa kikiwa na maji matamu huanza kuonja chumvi baada ya miaka. Juu ya mchanga huohuo tumechimba vyoo vya shimo na makaro, nyumba kwa nyumba. Kinachotoka chooni hugeuka naitreti, na naitreti inayeyuka na kutembea na maji chini ya ardhi bila kuzuiwa na mchanga. Ukiwa bonde la Msimbazi, ongeza wasiwasi wa metali, maana mto huo umepokea maji taka ya viwanda kwa miaka mingi.

Kuna na kundi la tatu, ambalo pengine ndilo kubwa kuliko yote: nyumba yenye maji ya kila aina katika tenki moja. DAWASA wakitoa, tenki linajaa maji baridi. Mgao ukianza, mwenye nyumba anaita boza au anafungulia kisima. Mwishoni mwa 2022, Ruvu ilipopungua na mgao ukawa mkali, mitaa ambayo haijazoea visima iliishi kwa maboza kwa wiki kadhaa, na mpangaji aliyekuwa akifungua koki hakuwa na njia ya kujua anakunywa nini.

Dalili za bei nafuu zipo. Sabuni ikikataa kutoa povu na birika likaota ukoko mweupe, hayo ni maji magumu, mara nyingi ya kisima. Nguo nyeupe zikibaki na madoa ya kutu, kuna chuma. Ulimi wenyewe unaitambua chumvi. Naitreti na risasi havina rangi, harufu wala ladha, na hapo ulimi hauna msaada.

Ubavu kwa ubavu

| Njia | Vijidudu | Tope | Klorini na harufu | Risasi | Naitreti | Chumvi |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Kuchemsha | Huua | Hapana | Hupungua sana | Hukolea | Hukolea | Hukolea |
| Vidonge vya klorini | Huua vingi | Hapana | Huongeza | Hapana | Hapana | Hapana |
| Filta ya mshumaa | Bakteria ndiyo, virusi usitegemee | Ndiyo | Zenye kaboni tu | Kwa kawaida hapana | Hapana | Hapana |
| Filta ya kaboni | Hapana | Kiasi | Ndiyo | Zilizothibitishwa tu | Hapana | Hapana |
| Taa ya UV | Huua, maji yakiwa meupe | Hapana | Hapana | Hapana | Hapana | Hapana |
| RO | Huzuia vingi | Ndiyo, ikiwa na filta ya mbele | Ndiyo, kwa kaboni yake | Ndiyo | Hupunguza sana | Ndiyo |

Soma safu mbili za mwisho kulia. Kwenye naitreti na chumvi, njia zote ambazo nyumba nyingi za Dar zinatumia zinaandika hapana, na kuchemsha kunaongeza tatizo. Ni RO peke yake inayojibu.

Sufuria, vidonge na mshumaa

Sipendi kuvidharau vitu hivi. Vimeokoa watoto wengi kuliko mashine yoyote ya ukutani. Kwa maji ya DAWASA yaliyokaa kwenye tenki, ambako klorini imeshaisha nguvu, kuchemsha au kuweka kidonge bado ni kazi ya lazima. Maji yakishatokota vizuri yametosha. Kuyaacha yachemke dakika 20 ni kuchoma gesi na kukoleza yaliyomo. Vidonge vinataka maji yasiwe na tope, kipimo cha kwenye pakiti kifuatwe, na usubiri dakika 30. Kama maji yana tope, yaache yatulie au yatie shabu kidogo, kisha mimina ya juu.

Filta ya mshumaa, ile ya ndoo mbili zilizopandana, ni rafiki mzuri wa nyumba isiyo na umeme wa uhakika. Matundu yake ni madogo kiasi cha kuzuia tope na bakteria. Mshumaa, kile kipande cha kauri cha kuchujia, unasuguliwa kwa brashi laini kila unapoziba, na ukipata ufa hata wa unywele, kazi yake imekwisha. Ila umimine maji ya chumvi juu, yatatoka chini yakiwa meupe na ya chumvi vilevile.

Filta ya kaboni

Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa nyumba nyingi zenye maji ya DAWASA ya kudumu, na ndiyo inayonunuliwa vibaya zaidi.

Kaboni ya filta hutengenezwa kwa mkaa, mara nyingi wa vifuu vya nazi, uliopitishwa kwenye mvuke wa joto kali hadi ukajaa vitundu visivyoonekana. Gramu moja ina eneo la ndani la mamia ya mita za mraba, na ni juu ya eneo hilo kemikali hunasa. Mkaa wa jikoni uliopondwa na kutiwa kwenye ndoo yenye mchanga hauna eneo hilo, kwa hiyo usiutegemee kwa kazi hii. Kaboni halisi inakamata klorini, harufu, trihalomethani na viuatilifu vingi. Haikamati chumvi, naitreti wala floraidi, hata muuzaji akiapa.

Risasi iko katikati. Kaboni ya chembechembe inayomwagika ukitikisa katriji (kichujio cha ndani kinachobadilishwa) haifanyi kitu cha maana kwa risasi. Kaboni iliyoshindiliwa kuwa gogo moja, iliyotengenezwa mahususi kwa metali, inaweza. Utaitofautisha kwa alama ya kiwango: NSF/ANSI 42 inahusu ladha na klorini tu, NSF/ANSI 53 inahusu vitu vya kiafya ikiwemo risasi, na hata hiyo 53 lazima itaje risasi kwa jina. Boksi lililoandikwa maneno matamu bila namba lichukulie kuwa ni la klorini peke yake.

Sehemu ya kuifunga ina uzito kuliko bei yake. Mafundi wengi hupenda kufunga kaboni pale bomba la DAWASA linapoingia, kabla ya tenki, ili nyumba nzima ipate maji yasiyo na harufu. Wakifanya hivyo wanaondoa klorini, halafu wanayalaza maji kwenye tenki la plastiki juani kwa siku tatu. Bakteria hawahitaji ukaribisho mwingine. Kabla ya tenki weka filta ya tope peke yake, ile ya inchi 10 yenye katriji nyeupe ya maikroni 5. Kaboni iende jikoni, kwenye koki ya maji ya kunywa, na maji yakitoka hapo yachemshwe au yapite kwenye taa ya UV, ile ambayo mwanga wake unaua vijidudu. Kaboni haiui kijidudu, na katriji iliyozeeka inaweza kuwa makazi yao.

Utajua imechoka harufu ya klorini ikirudi. Kwa uhakika zaidi, maduka ya vifaa vya mabwawa ya kuogelea yana vitone vya kupimia klorini: tia kwenye maji kabla ya filta yageuke njano, tia kwenye yaliyochujwa. Yakigeuka njano na haya, badilisha.

Kuhusu klorini yenyewe, watu huiogopa kupita kiasi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni hadi miligramu 5 kwa lita, na maji ya bomba yenye harufu yako chini ya hapo kwa kawaida. Shirika hilo pia linasisitiza kwamba hofu ya trihalomethani isiwe sababu ya kuacha kuua vijidudu. Kipindupindu kinaua kwa saa chache. Trihalomethani ni hesabu ya miaka mingi.

RO

RO inasukuma maji kwa presha kupita kwenye utando, mafundi wanauita membreni, wenye njia nyembamba mno kiasi kwamba maji hupita na sehemu kubwa ya chumvi hubaki. Membreni nzima huondoa karibu asilimia 90 hadi 95 ya chumvi zilizoyeyuka, risasi na floraidi, na hupunguza naitreti kwa kiasi kikubwa ingawa si kwa ukali uleule. Kwa maji chumvi hakuna mbadala wa nyumbani unaokaribia hapo.

Lakini kabla hujatoa pesa, pitia haya.

Presha kwanza. RO ya kawaida inataka bar 3 au zaidi. Maji yanayoshuka kutoka kwenye tenki hupata bar 1 kwa kila mita 10 za kimo, kwa hiyo tenki lililo juu ya mnara wa mita 4 linakupa chini ya nusu bar. Bila pampu ya kuongeza presha, mashine itadondosha matone. Pampu inakula LUKU, na umeme ukikatika unategemea kilichobaki kwenye kitenki chake.

Pili, maji yanayotupwa. Mashine nyingi za kawaida hutupa lita 3 kupata lita 1. Familia inayotumia dumu moja la lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupikia itamwaga lita 60, sawa na lita 1,800 kwa mwezi, karibu uniti mbili kwenye mita. Maji hayo usiyamwage. Yaelekeze kwenye ndoo ya kudekia na chooni. Bustani ya mchicha usiimwagilie kama chanzo ni kisima, kwa sababu chumvi imekusanyika humo.

Tatu, kikomo. Membreni nyingi za nyumbani zimetengenezwa kwa maji yenye chumvi isiyozidi takribani miligramu 2,000 kwa lita. Kisima kilichoingiliwa na bahari kinaweza kupita hapo, na membreni itakufa mapema. Pima kisima kabla ya kununua. Klorini nayo inaharibu membreni, ndiyo maana kuna kaboni mbele yake. Ukiacha kubadilisha kaboni hiyo ya bei ndogo, unaua kifaa cha bei kubwa. Kwa kawaida katriji za mbele hubadilishwa kila miezi 6 hadi 12, mapema zaidi maji yakiwa na tope, na membreni baada ya miaka 2 au 3.

Sasa onyo, na naliandika kwa uchungu. Shangazi yangu wa Tabata alitembelewa na kijana mtanashati aliyebeba begi la kuonyeshea. Nilikuwepo. Alimimina maji ya koki kwenye glasi moja, na maji ya mashine yake kwenye glasi ya pili, akachovya kifaa chenye vyuma vinne na kukichomeka kwenye umeme. Baada ya dakika moja glasi ya maji ya koki ikawa na tope la kahawia linaloelea, chini kijani kibichi, na povu chafu juu. Glasi ya pili ilibaki nyeupe. "Mama, unaona unachowanywesha wajukuu?" alisema. Shangazi alishika mdomo. Nikamwomba yule kijana ruhusa, nikatia chumvi ya mezani kidogo kwenye glasi yake nyeupe, nikamwambia awashe tena. Ikageuka kahawia vilevile.

Uchafu ule haukuwa kwenye maji. Ulitoka kwenye vyuma vya kifaa. Umeme ukipita kwenye maji yenye madini yoyote, hata yale mazuri ya kalisiamu na magnesiamu, unaimega ile ncha ya chuma na kutengeneza kutu. Maji ya RO hayana madini ya kutosha kupitisha umeme, kwa hiyo chuma hakimeguki. Ni kutu, mbele ya macho yako, na inauzwa kama sumu. Ukionyeshwa hivyo sebuleni kwako, mwambie ahsante na umsindikize mlangoni.

Kalamu ya TDS nayo hutumiwa vibaya. Inapima jumla ya chumvi zilizoyeyuka, na kwa kazi hiyo ni nzuri: chini ya 600 maji huwa na ladha nzuri, yakizidi 1,000 mtu huanza kuyakataa. Kwa mwenye RO ndicho kipimo cha kujua membreni inachoka. Lakini kikomo cha risasi ni miligramu 0.01 kwa lita, na kalamu inahesabu kwa miligramu nzima. Risasi ikizidi mara tano ya kikomo, namba ya kwenye kalamu haitasogea. Haioni vijidudu wala viuatilifu pia. Namba ndogo haimaanishi maji salama.

Kuna wanaosema maji ya RO ni hatari kwa kuwa hayana madini. Kwa mtu anayekula maharage, mboga, dagaa na maziwa, madini yake yanatoka sahanini. Ladha yake ni tambarare, na hilo ni kweli. Kwa maji ya Ruvu yasiyo na chumvi, sioni sababu ya kuyapitisha kwenye RO, kuyatupa robo tatu, na kulipia pampu.

UV na maji ya dispensa

Taa ya UV ni nyongeza nzuri baada ya kaboni kwa mwenye umeme wa kudumu. Kwa kemikali haifanyi chochote. Maji yakiwa na tope vijidudu hujificha nyuma ya chembe, na taa hubadilishwa kila mwaka hata kama bado inawaka.

Chupa kubwa za dispensa ni suluhisho la heshima kwa mpangaji asiyeweza kutoboa ukuta wa mwenye nyumba. Angalia alama ya TBS, lakiri isiyoguswa na tarehe. Piga hesabu ya mwaka mzima kabla ya kusema RO ni ghali: chukua chupa unazomaliza kwa mwezi, zidisha kwa 12, linganisha na bei ya mashine na katriji zake. Familia ya watu sita huwa inashangaa. Mtu anayeishi peke yake kwa kawaida anakuta chupa zina nafuu. Na dispensa yenyewe isafishwe, kwa sababu koki zake huota utelezi.

Mtoto mchanga na kisima cha uswahilini

Hapa sina ulinganisho, nina msimamo. Kama kuna mtoto wa chini ya miezi sita anayekunywa maziwa ya kopo, usiyakoroge kwa maji ya kisima cha mtaani ambacho hakijapimwa naitreti, hata uyachemshe vipi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, na kimewekwa kwa kuwafikiria hao watoto. Mwilini, naitreti inaweza kuharibu uwezo wa damu kubeba hewa, na mtoto mchanga ndiye anayelemewa haraka. Rangi ya bluu huonekana kwenye midomo, ulimi na kucha. Ukiiona, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Sasa fikiria mama mwangalifu. Anachukua lita 5 za kisima chenye naitreti 40, chini ya kikomo. Anachemsha kwa muda mrefu kwa kuwa anampenda mwanawe, zinabaki lita 4. Naitreti imefika 50. Kadiri anavyojitahidi, ndivyo anavyokaribia hatari. Hakuna aliyemwambia.

Umbali unaotajwa sana kati ya choo na kisima ni mita 30. Tembea Manzese au Tandale uone viwanja vilivyo na nafasi hiyo. Mtoto anayenyonya ziwa la mama peke yake kwa miezi sita hahitaji maji kabisa, na hiyo ndiyo kinga rahisi kuliko filta zote zilizotajwa hapa. Kwa anayetumia kopo, tafuta maji ya DAWASA yaliyochemshwa, maji ya chupa, au RO iliyopimwa.

Mgonjwa wa presha naye aangalie maji chumvi. Kisima chenye miligramu 500 za sodiamu kwa lita, kwa mtu anayekunywa lita 2, kinampa gramu 1 ya sodiamu kwa siku. Hiyo ni nusu ya kiwango cha juu kinachoshauriwa kwa mtu mzima, kabla hajaonja mboga.

Risasi, na hofu zinazotoka nje

Ukisoma mtandaoni utakutana na Flint, mji wa Michigan, Marekani, ambako mwaka 2014 walibadilisha chanzo cha maji bila kuweka dawa ya kuzuia mabomba yasiliwe, na risasi ikaingia majumbani. Utakutana pia na PFAS, kemikali zisizooza ambazo Marekani iliziwekea kikomo mwaka 2024. Ni mambo ya kweli na mazito. Lakini usinunue mashine kwa hofu ya Michigan wakati kisima chako kiko hatua chache kutoka chooni. Hata floraidi, inayoharibu meno ya watu wa Arusha na maeneo ya jirani, si tatizo kuu la maji ya Dar, kwa hiyo mashine inayojisifu kuiondoa isikuongezee bei.

Risasi ya kwetu itokee wapi? Mara nyingi kwenye koki za shaba nyeupe za bei ya chini, viungio vilivyochomelewa, na baadhi ya mabomba ya PVC ya zamani yaliyotengenezwa kwa viambata vya risasi. Hatua za kwanza hazina gharama. Asubuhi, maji yaliyolala kwenye bomba yaachie yatiririkie kwenye ndoo ya kudekia kabla ya kukinga ya kunywa. Maji ya moto ya hita usiyapikie wala usiyachemshie chai, kwa kuwa joto linavuta metali zaidi. Fungua kichujio kidogo kwenye mdomo wa koki ukisafishe, chembe za metali hukwama hapo.

Ningekuwa wewe

Kimara, Sinza, Kinyerezi au Tegeta, maji ya DAWASA ya kudumu: filta ya tope kabla ya tenki, gogo la kaboni jikoni, kisha kuchemsha au UV. Osha tenki walau mara mbili kwa mwaka, matope ya chini yanashusha kazi ya filta zote.

Kisima cha chumvi cha nyumba binafsi: RO ya maji ya kunywa na kupikia tu, chini ya sinki. Kuoga na kufua endelea na kisima. Ukikuta chumvi imezidi 2,000, usihangaike nayo, nunua maji ya kunywa.

Chumba cha kupanga, maji ya madumu ya mkokoteni: uliza chanzo kila siku, kwa kuwa muuzaji yuleyule leo analeta ya DAWASA na kesho ya kisima. Ya DAWASA chemsha au tumia kidonge. Ya kisima usiyanywe. Bajeti ya filta iende kwenye maji ya chupa ya kunywa.

Tenki la mchanganyiko ndilo gumu. Mimi ningetenga pipa dogo la jikoni la lita 100 au 200 linalojazwa DAWASA wakitoa tu, na kaboni ifungwe kwenye pipa hilo. Boza na kisima viende kwenye tenki kubwa la kuogea.

Kabla ya kununua chochote kwa ajili ya kisima, peleka sampuli maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji au kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Uliza kwanza chupa ya kuchukulia na muda wa kufikisha, maana sampuli ya vijidudu huchukuliwa tofauti na ya kemikali. Taja vipimo kwa majina: naitreti, kloraidi, sodiamu, chuma, manganizi, risasi, na bakteria wa kinyesi. Ukisema "pimeni maji" peke yake, unaweza kurudishiwa karatasi isiyo na naitreti. Rudia baada ya mvua kubwa, kwa sababu kisima cha Januari na kile cha Mei havifanani.

Siku ya kununua, muulize muuzaji akuonyeshe katriji za kubadilishia za mashine hiyohiyo, rafuni, siku hiyohiyo. Kama hana, au anasema zinaagizwa, iache. Kama anazo, nunua seti mbili, na uandike tarehe kwa maka pen juu ya kopo la filta siku fundi anapolifunga.